Mgonjwa wa akili si aibu ya ukoo

Katika familia nyingi za Tanzania, jina la Mirembe hutamkwa kama tusi. Hospitali hiyo ya Dodoma imekuwa ikitibu wagonjwa wa akili tangu enzi za ukoloni, lakini hadi leo mtu akitoka huko hupokewa kwa minong'ono, na hata wachumba wa dada zake huanza kusita.

Mojawapo ya maradhi yanayotibiwa huko ni skizofrenia, ambayo huweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Haitokani na laana wala malezi mabaya. Ni ugonjwa, na mara nyingi hujitokeza ujanani, mtu akiwa chuoni au ndiyo kwanza ameanza kazi. Dawa huwasaidia wengi. Tatizo ni kwamba mgonjwa akipata nafuu huziacha, wakati mwingine kwa sababu zinamletea usingizi mzito na kumnenepesha, naye hasemi. Hapo ndipo ndugu wanapohitajika: kumuuliza bila ukali, kumsindikiza kliniki ili daktari aangalie upya dozi, kutambua mapema dalili kama kukesha, kujitenga na kushuku kila mtu. Kubishana naye kuhusu sauti anazosikia hakusaidii. Kumfunga kamba, kama wengine wanavyofanya mpaka sasa, ni ukatili.

Yupo pia anayemuuguza, mara nyingi mama au dada mmoja aliyeachiwa mzigo wote. Ukoo unaoweza kuchangisha mamilioni ya harusi haushindwi kupanga zamu za kumpumzisha na kutoa nauli ya kliniki. Wakubwa wa familia waitishe kikao cha kupanga hayo.