Kidonda cha Mzee Kisipimwe kwa Siku za Kijana



Huku Gasorwe, upande wa Muyinga, kwenye kahawa tunafanya kazi vijana kwa wazee. Panga likikata mguu au mashine ikishika mkono, nyapara huwapa wote siku zilezile za kupumzika. Sisi tunasema hiyo si haki.

Damu ya kila mtu ina askari wake, chembe nyeupe, wanaopigana na vijidudu. Tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inayowafundisha baadhi ya askari hao, husinyaa kadiri umri unavyokwenda. Basi mzee akiumia vibaya, kinga yake huchelewa, na kidonda hakifungi upesi. Tena anaweza kukosa homa kali ilhali vijidudu vimekwisha kuingia damuni. Asiambiwe, "Huna homa, rudi kazini."

Tunadai mambo mawili. Kwanza, siku za mapumziko ziamuliwe na mganga aliyekitazama kidonda. Pili, kila mfanyakazi apigwe sindano ya pepopunda, tena irudiwe, maana nguvu yake hupungua kwa miaka, na vijidudu vyake vimo katika udongo tunaoulima.

Wazee hawa ndio waliotufundisha kazi. Na sisi tutazeeka.