Anuani ya Ofisi si Mali ya Mtu

Ofisi ya umma haihami na mtumishi. Afisa anapopewa uhamisho kutoka Songea kwenda Dodoma, hukabidhi mhuri, funguo za kasha na majalada, kisha akatia saini hati ya makabidhiano. Hakuna anayethubutu kufunga mhuri wa ofisi ndani ya sanduku lake la nguo. Lakini barua pepe, ambazo leo ni sehemu kubwa ya masijala, huondoka naye kimya kimya, wala hapana anayeuliza.

Chanzo chake ni mazoea mabaya ya kuendesha kazi za wananchi kwa akaunti za binafsi. Mwalimu wa Tunduru anayedai malimbikizo ya mshahara hutuma vielelezo kwa anuani aliyotajiwa kwa mdomo. Afisa akihama, vielelezo hubaki katika sanduku ambalo mrithi wake hawezi kulifungua. Mwalimu hulazimika kusafiri zaidi ya kilometa 200 hadi Songea kuanza upya dai ambalo lilikwisha kupokelewa. Huo si upungufu wa mitambo. Ni umangimeza uliovaa nguo mpya.

Dawa yake haihitaji fedha za kigeni. Serikali inao mfumo wake wa barua pepe, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, chombo kilichowekwa na Sheria Na. 10 ya mwaka 2019. Katika seva, kila mtumishi hupewa akaunti na nywila yake. Juu ya hapo huwekwa anuani ya cheo, mathalani ya Afisa Elimu. Anuani hiyo haina sanduku; ni maelekezo tu yanayoiambia seva barua ipelekwe kwa nani. Afisa akihama, maelekezo hubadilishwa, na wananchi huendelea kuandika kwa anuani ile ile. Kwa kuwa maelekezo hayatunzi nakala, barua za zamani hukabidhiwa kwanza, ndipo akaunti ya aliyeondoka ifungwe.

Wapo wanaojitetea kwamba mtandao ni wa polepole. Utetezi huo hauna mashiko, kwani mtandao unaofikisha barua kwenye akaunti ya binafsi ndio huo huo unaofikisha kwenye ile ya Serikali. Wengine hugawana nywila moja ofisi nzima, wakidhani huo ndio ushirikiano. Kumbe siku barua ikifutwa, hapatikani wa kuwajibika. Ushirikiano si kuficha uzembe wa mmoja ndani ya kundi.

Kwa hiyo, kila mkuu wa idara mkoani Ruvuma, kuanzia Nyasa hadi Namtumbo, hana budi kuziingiza akaunti na anuani za cheo katika hati ya makabidhiano, sawa na mhuri. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau. Ni dharau iliyoje kumwacha mwananchi aandikie anuani ambayo mwenyewe alikwisha kuhama!