Nani Ataje Bei ya Mtaa?

Toleo hili tumelitoa kwa tamthilia za mitaa inayovunjwa, na tunaanza na Two Trains Running ya August Wilson, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1945 katika Hill District, Pittsburgh. Alipokuwa mtoto, sehemu ya chini ya mtaa huo ilibomolewa, watu wapatao 8,000 wakahamishwa, kukajengwa ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 1961. Siku hizi hata ukumbi huo haupo.

Tamthilia inatupeleka mwaka 1969, na yote inatokea ndani ya mgahawa mmoja. Hakuna tingatinga jukwaani. Memphis, mwenye mgahawa, anajua jiji litalichukua jengo lake, na anataka dola 25,000, hapunguzi hata senti. Hati ya jengo ina kifungu kinachoruhusu jiji kulitwaa kwa bei litakayoona inafaa. Yeye anasema naye ana kifungu chake.

Kisha anaingia Hambone, aliyechanganyikiwa akili, ambaye kwa zaidi ya miaka tisa anadai kitu kimoja: paja lake la nguruwe. Alimpakia mwenye bucha rangi kwenye uzio wake, kwa makubaliano kwamba kazi ikiwa nzuri atapewa paja, la sivyo kuku. Alipomaliza akaambiwa achukue kuku. Aliyepima uzuri wa kazi ni yuleyule aliyetakiwa kulipa.

Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha tamthilia, na anayeijua alama nyekundu ya X inayochorwa kwenye kuta za nyumba zitakazobomolewa ataelewa upesi. Mthamini wa fidia mara nyingi huhesabu matofali na mabati tu. Wateja aliojijengea muuza chapati kwa miaka mingi, na jirani anayemwangalizia watoto, ni nadra wapate nafasi kwenye fomu yake.

Wilson haupambi mtaa wake. Memphis anamtuma Risa, mhudumu wake, bila kumpa pumzi, na tajiri kuliko wote ni West, mwenye biashara ya kuzika. Mwishoni jiji linakubali kumlipa Memphis dola 35,000. Nafurahi naye, lakini mgahawa utavunjwa vilevile, na Risa hana hati ya jengo lolote.

Tamthilia nyingi za bomoabomoa huishia kwenye kilio. Waandishi wetu wa jukwaa, tuandikieni kikao cha fidia chenyewe: nani kaketi mezani, nani kasimama mlangoni, na mpangaji wa chumba kimoja anaambiwa nini anapouliza fungu lake.