Wauguzi na wakunga nao wapewe nafasi ya kutafiti



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sisi wauguzi na wakunga, na ambalo kwa hakika linawahusu wananchi wote, kwa kuwa hakuna nyumba isiyokuwa na mama aliyejifungua. Jambo lenyewe ni utafiti unaofanyika katika mahospitali yetu.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi katika zahanati, katika kituo cha afya na sasa katika hospitali ya mkoa. Ninalotaka kusema ni fupi: wauguzi na wakunga ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi ya utafiti wa wagonjwa, lakini ni mara chache wanapewa nafasi ya kuuliza swali lao wenyewe. Hali hii inafaa ibadilishwe, kwani inatugharimu maisha ya watu.

Wananchi wengi wakisikia neno utafiti hufikiri juu ya darubini, maabara na watu waliovaa makoti meupe wakichanganya dawa. Utafiti huo upo na una maana yake. Lakini upo utafiti mwingine ambao unafanyika kando ya kitanda cha mgonjwa. Huo huuliza hivi: kati ya njia hii ya kumhudumia mgonjwa na ile, ipi inaokoa watu zaidi? Kisha watu huhesabu kwa uaminifu, bila kupendelea upande wowote, mpaka jibu lionekane. Kazi hiyo haiwezi kufanyika bila mtu anayekaa na mgonjwa usiku na mchana, na mtu huyo ni muuguzi.

Nitatoa mfano. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, katika hospitali 80, kwa akina mama 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Utafiti huo ulihusu kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, janga ambalo kila mkunga analiogopa. Zamani hata sasa, mahali pengi mkunga hukadiria damu kwa macho. Anatazama shuka, anatazama sakafu, anasema moyoni kwamba damu hii ni ya kawaida, au siyo ya kawaida. Katika utafiti ule, hospitali za upande mmoja zilipewa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo. Damu ikifika kwenye mstari, mkunga hangoji. Hapo hapo anakanda mfuko wa uzazi, anatoa dawa za kuzuia damu, anaweka dripu, anachunguza damu inatoka wapi na kuita msaada.

Matokeo yake ni haya. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, kati ya akina mama 100 waliotoka damu kupita kiasi, waliogunduliwa walikuwa 51 tu. Katika hospitali zilizotumia shuka lenye vipimo waligunduliwa 93. Akina mama waliofikia hali ya hatari kubwa, yaani kutoka damu lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu hiyo au kufariki kwa ajili yake, walipungua kutoka 4.3 katika kila 100 hadi 1.6. Mwananchi yeyote anaweza kuona kwamba hapa hakuna mtambo wa mamilioni. Lipo shuka, zipo dawa zilizojulikana tangu zamani, na yupo mkunga aliyepewa njia ya kupima badala ya kubahatisha.

Mfano wa pili ni watoto njiti. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo sana katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Wale waliowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki 12 katika kila 100. Wale waliosubiri kwanza hali zao zitengemae walifariki karibu 16. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine huduma hiyo. Nani aliyemfunga mtoto kifuani, akampima joto na kuandika saa? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya muuguzi.

Siwalaumu hata kidogo madaktari na maprofesa waliobuni tafiti hizo. Wanastahili shukrani zetu. Lakini hoja yangu iko palepale: kama mikono yetu inafaa kukusanya majibu, macho yetu nayo yanafaa kuona maswali.

Na maswali yako mengi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama nchini Tanzania vimeshuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000, hesabu ya mwaka 2015 na 2016, hadi 104. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini hesabu hizo hizo zinasema kwamba vifo vya watoto wachanga walio chini ya siku 28 vilikuwa 25 katika kila 1,000 na mwaka 2022 vilikuwa 24. Yaani karibu havikutikisika. Kwa nini? Sidhani kama jibu lote litapatikana kwenye semina za mjini. Sehemu ya jibu iko wodini, saa nane za usiku, mahali ambapo mkunga mmoja anahudumia akina mama kadhaa kwa pamoja.

Nitaeleza jambo moja nililolishuhudia. Katika hospitali moja niliyopata kufanya kazi, ambayo sitaitaja, sisi wa wodi ya wazazi tuliona kwamba watoto waliotoka chumba cha upasuaji walikuwa wakitufikia wakiwa wamepoa mwili kuliko waliozaliwa leba. Mtoto mchanga akipoa hanyonyi vizuri, sukari ya mwili hushuka, na asipowahiwa anaweza kufa. Mwenzetu mmoja alianza kuandika katika daftari: saa mtoto alipozaliwa, saa alipofika wodini na joto lake. Aliandika kwa miezi kadhaa kwa kalamu yake mwenyewe. Tulitaka baadaye tubadilishe jambo moja tu, yaani mtoto afunikwe kofia na shuka kavu kabla ya kupitishwa ukumbini, kisha tuhesabu tena tuone kama kuna tofauti. Tulipopeleka shauri letu kwa wakubwa tuombe utaratibu na kibali, tuliambiwa kwamba utafiti ni kazi ya wasomi, nasi turudi tukahudumie wagonjwa. Baada ya muda yule mwenzetu alihamishwa, na daftari lile sijui limeishia wapi. Swali letu mpaka leo halijajibiwa katika hospitali ile, na watoto wanaendelea kupitishwa ukumbini.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba wauguzi ni wachache, na kwamba muuguzi akishika kalamu ya utafiti, nani atashika mgonjwa? Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili kujibiwa. Jibu langu ni kwamba kalamu tayari tunayo mkononi. Kila zamu tunajaza vitabu vya MTUHA. Kitabu namba 12 cha wazazi peke yake kina habari za kila mama aliyejifungua: uzito wa mtoto, njia aliyojifungulia, matatizo aliyoyapata. Takwimu hizo zinapelekwa wilayani, mkoani na wizarani, na ni mara chache kurudi wodini zikiwa na maana yoyote kwa aliyeziandika. Kutafiti kwetu kungekuwa ni kuzisoma takwimu zetu wenyewe na kuzitumia. Tena penye wafanyakazi wachache ndipo inapohitajika zaidi kujua ni kazi ipi inaokoa mgonjwa na ipi inatupotezea muda bure.

Wengine watasema kwamba muuguzi hakusomea utafiti. Hili nalo si kweli kwa wote. Wauguzi wanaosomea shahada huandika ripoti ya utafiti kabla ya kuhitimu. Wakirudi kazini ripoti hizo hubaki maktaba zikikusanya vumbi, na elimu ile inalala. Na tusisahau kwamba Florence Nightingale, ambaye kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa kumkumbuka, alikuwa mtu wa takwimu. Baada ya vita ya Crimea alihesabu vifo vya askari, na mwaka 1858 akaonyesha kwa michoro kwamba waliouawa na maradhi yaliyoweza kuzuiwa walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Tumeikumbuka taa yake, tumeisahau kalamu yake.

Lakini ieleweke kwamba siombi kila muuguzi ajiamulie kufanya majaribio kwa wagonjwa. La hasha! Mgonjwa si kitu cha kujaribia. Ni lazima aelezwe, akubali kwa hiari yake, na awe huru kukataa bila kunyimwa huduma. Ni lazima pia pawe na kibali cha kamati ya maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na njia ya kupata vibali ipo. Ninachosema ni kwamba njia hiyo ni ngumu kwa muuguzi wa wilayani asiye na wa kumwongoza.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, muda. Katika kila hospitali ya mkoa na ya rufaa, wateuliwe wauguzi na wakunga wachache wenye ari, wapangiwe katika ratiba ya zamu siku maalum ya kazi ya utafiti. Utafiti unaofanywa baada ya zamu ya usiku, mtu akiwa anasinzia, hauwezi kuwa na faida.

Pili, mwongozo. Hospitali hizo ziwe na mtu mmoja mwenye ujuzi wa kusaidia kuandika andiko la utafiti, kuhesabu takwimu na kufuatilia kibali. Tafiti ndogo zisizo na hatari kwa mgonjwa, kama ile ya kuhesabu joto la watoto, zipewe njia fupi na ada nafuu.

Tatu, fungu. Hata kiasi kidogo cha fedha kwa karatasi, vipimajoto na nauli kingetosha kuanzia. Na miradi mikubwa inayotoka nje ilazimike kutenga sehemu ya kuwafundisha wauguzi wa hospitali inayoitumia.

Nne, heshima. Muuguzi aliyeshiriki kikamilifu katika utafiti jina lake liandikwe pamoja na ya wengine, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa daraja. Si haki mtu ajaze fomu mwaka mzima halafu amalizie kwa kushukuriwa kwa neno "watumishi wa wodi".

Tano, matokeo yarudi. Kila mtafiti anayepita katika wodi zetu aamriwe kurudi na kutueleza, kwa lugha tunayoielewa sote, amegundua nini. Akina mama waliokubali kuchukuliwa habari zao nao wanayo haki hiyo.

Naiomba Wizara ya Afya, Baraza la Uuguzi na Ukunga na Chama cha Wauguzi walichukue jambo hili na kulifanyia kazi. Wasingoje mpaka zipatikane fedha nyingi. Waanze na hospitali chache, waone, kisha wapanue. Nao waganga wakuu wa wilaya na mikoa, mkunga akija ofisini na daftari lake, msimfukuze. Mkaribisheni kiti, mlifungue daftari mkasome. Huenda ndani yake mmeandikwa sababu ya mtoto wa jana kufa, na njia ya kumwokoa wa kesho.

Muuguzi Mkunga,
Singida.