TUMBAKU NA WATOTO WETU

Waislamu wenzetu wa Visiwa vya Maldivi wana sheria mpya ipasayo kuangaliwa. Tangu tarehe 1 Novemba 2025, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2007 au baadaye haruhusiwi kununua tumbaku wala kuivuta, hata akifika miaka 60. Sigara za umeme zimekatazwa kwa wote, mwenyeji na mgeni. Mwenye duka yampasa ahakikishe umri wa mnunuzi.

Nasi je? Kenya na Tanzania sheria yasema miaka 18. Lakini baba aketiye barazani humtuma mwanawe wa miaka 9 akamletee sigara mbili, na mwenye duka humpa, kwani amjua babaye. Kesho mtoto huyo akikutwa anavuta nyuma ya chuo, atachapwa nani?