Bwana Msa Angefika Tetu

Hapana shaka kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa katika nyumba njema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitunukiwa kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, akawa rafiki wa wanafunzi wengi. Hata hivyo, licha ya jina la kitabu hicho, uhalifu unaochunguzwa humo ni wa siku za mwandishi mwenyewe. Uhalifu na kesi za kale tumewaachia wanahistoria.

Wenzetu wa ng'ambo hawakufanya hivyo. Agatha Christie alipeleka mauaji katika Misri ya Mafirauni mwaka 1944. Umberto Eco naye, mwaka 1980, aliwafungia wasomaji wake katika nyumba ya watawa ya Italia ya mwaka 1327. Msomaji amtafutaye muuaji hutoka humo akiijua karne nzima.

Sisi wa Tetu hatukosi mafumbo. Dedan Kimathi, mzaliwa wa hapa, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Alishtakiwa mjini Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, kwa kupatikana na bastola kinyume cha sheria. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha, mahakama haikumwamini. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi hiyo zilitoweka machoni pa umma kwa miaka mingi, hata zikachapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Mjane wake, Mukami, aliaga dunia Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi la mumewe.

Je, mpelelezi angetaka nini zaidi? Yapo maelezo yanayopingana, upo ushahidi wa kupimwa, na upo mwili usiojulikana ulikozikwa.

Wapo watakaosema kwamba kuufanya msiba kuwa kitabu cha kusisimua ni dhihaka. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walikwisha kumpandisha Kimathi jukwaani mwaka 1976, na hakuna aliyedhihakiwa. Tamthilia yao ilimtukuza shujaa, na ilistahili kufanya hivyo. Riwaya ya upelelezi ina kazi nyingine: humhoji kila shahidi, awe mpiganaji wa msituni au askari wa serikali.

Kazi hiyo ina maana ya pekee hapa kwetu. Katika dawati moja hukaa mjukuu wa aliyeingia msituni na mjukuu wa aliyekuwa homugadi. Nyumbani hawaulizi, kwa maana kuuliza kwaweza kudhaniwa kuwa kushtaki. Mpelelezi wa kubuni angewaulizia wote wawili.

Sharti ni moja. Mwandishi na abuni mpelelezi, karani au mpishi wa gereza, lakini asibuni tarehe, hukumu wala hatia ya mtu aliyeishi.

Ewe mwalimu, usimngoje mwandishi huyo. Wape wanafunzi wako kesi ya Nyeri, uwaamuru waandike sura ya kwanza, kisha uwatume kwa wazee wao. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba wazee wa kuulizwa wanapungua kila msimu wa mvua.