Marimba ya Mzee Zawose mikononi mwa mabinti

Itazame kwa karibu ilimba, ile marimba kubwa ya Wagogo. Utaona vyuma ambavyo dole gumba haliendi. Havipigwi. Vimewekwa vitetemeke vyenyewe pale vya jirani vinapopigwa. Kuna pia tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, ndio unaoipa ilimba ule mvumo wake wa kukwaruza.

Hayati Mzee Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doguma mkoani Dodoma, alifundishwa muziki na baba yake. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa ambacho leo ni TaSUBa. Alikuwa na sauti ya kushangaza: inanguruma chini kabisa, na mara imepanda nyembamba kama ya msichana. Mwaka 1996 studio ya Real World ya Mwingereza Peter Gabriel ilitoa albamu yake, Chibite. Mwaka 2002 alikuwa Marekani kwenye ziara ya Gabriel mwenyewe.

Alifariki dunia Desemba 30, 2003. Mwaka 2004 akafuata Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake aliyekuwa akipiga naye. Msiba juu ya msiba, na vyombo vimebaki ndani.

Nani avishike? Ugogoni si ajabu kumwona mwanamke na ngoma. Muheme hupigwa na akina mama, ngoma zimebanwa miguuni, na hakuna anayewauliza. Lakini katika muziki wa familia hii wanaume ndio walioongoza. Pendo, binti wa Mzee, na Leah, mjukuu wake, walikaa miaka mingi nyuma, wakiitikia na kucheza. Nyimbo walizijua zote, maana wamekua nazo. Nafasi ya mbele tu ndiyo hawakupewa, na hapo wazazi wengi watajitambua, hata wasio na marimba nyumbani.

Mwaka 2024 wawili hao, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha, kwa Real World ileile iliyomrekodi Mzee. Safari hii wanaoongoza kuimba ni wao, na ilimba wanaipiga. Anayeijua Chibite aisikilize albamu hii mara baada yake. Sauti ya ukoo ataitambua kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati.